Hakuna kitu inaitwa "kusugua tu"

Wasee, nimefuta ile video ya dawa ya meno.

Kama umenifuata juzi pengine hukuiona, kwa hivyo wacha nikupe picha. Taa ya mbele ya gari imefifia, imekuwa manjano. Napaka dawa ya meno. Nachukua sponji la kuosha sufuria, nasugua na ule upande wa kijani dakika chache, namwaga maji, na taa inang'aa kama imetoka dukani. Halafu naangalia kamera na kusema, "Fundi atakuitisha zaidi ya ngiri mbili kwa kusugua tu. Usikubali."

Hiyo ndiyo video iliyoniletea wafuasi wengi zaidi tangu nianze hii kazi. Ilikuwa bado inazunguka. Kuifuta kumeniuma, sitadanganya.

Nimeifuta kwa sababu ilidanganya watu, na mmoja wao ni mtu ninayemuamkua kila asubuhi.

Kuna mzee wa ploti yetu anaendesha teksi ya apu. Mimi humuita Anko. Gari yake ni ile ya kawaida ya Nairobi, ilitoka Japani ikiwa imetumika, na tangu ifike imekuwa ikilala nje. Anko aliona video yangu kwa simu ya binti yake, akajivunia kabisa, akaambia watu wa ploti, "Huyu kijana wetu anajua vitu." Jumamosi moja akanunua dawa ya meno, akachukua sponji jikoni kwake na kufanya kila kitu vile nilisema.

Wiki tatu baadaye taa zilikuwa mbaya kuliko mwanzo. Si manjano sasa. Nyeupe, kama kioo cha bafuni. Usiku mmoja mvua ikinyesha kwenye Eastern Bypass, msee wa mkokoteni alitokea mbele yake na Anko hakumuona mpaka alipokuwa karibu sana. Alikanyaga breki, gari ikateleza, ikasimama. Msee wa mkokoteni alimtukana sana na akaenda zake akiwa mzima.

Anko hakuja kunigombanisha. Alinikuta kwa ngazi akaniuliza tu, "Kijana, ile kitu ulisema inakaa muda gani?"

Sikuwa na jibu. Sikuwa nimewahi kurudi kuangalia ile taa niliyorekodi.

Kwa hivyo tulienda Grogan pamoja, mimi na yeye, kwa fundi ambaye kazi yake ni taa na rangi. Fundi akapitisha kidole juu ya taa, akasema ngiri mbili na nusu kwa zote mbili. Anko akashtuka. Akasema, "Ngiri mbili na nusu, fundi? Kwa kusugua tu?"

Hayo maneno yalikuwa yangu. Nilisikia sauti yangu ikitoka kwa mdomo wa mzee wa watu.

Fundi hakubishana. Alichovya kidole kwa maji na kupaka kwenye taa. Papo hapo ile sehemu ikawa safi, unaona mpaka balbu ndani. Akangoja. Maji yakakauka na ukungu ukarudi. Akasema, "Mzee, hii ndiyo uliona kwa video. Hiyo ni maji."

Sasa niungame. Siku niliporekodi, niliona ile taa ikianza kukauka na kupoteza mng'ao. Nikamwaga maji tena nikapiga picha ya mwisho haraka. Nilijiambia ni mambo ya mwanga. Sikuwa najua sayansi yake, lakini nilijua nimechagua sekunde inayonifaa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kuhusu kusugua. Ndiyo, kusugua. Na maoni yangu leo ni haya: kusugua ni kazi ya chembe, na chembe nzuri ni kati ya vitu vilivyotengenezwa kwa uangalifu mkubwa sana duniani. Mtu akikuambia "ni kusugua tu", ama hajui ama anakuuzia kitu. Mimi nilikuwa hao wote wawili.

Tuanze na swali ambalo sikuwahi kujiuliza. Kitu kung'aa ni nini?

Nilidhani kung'arisha ni kuondoa mikwaruzo. Hapana. Ukisugua, unaweka mikwaruzo mingine. Kila chembe ngumu inayopita juu ya plastiki, chuma au kioo inachimba mtaro wake. Ujanja ni kuweka mitaro midogo mahali pa mikubwa, halafu midogo zaidi, halafu midogo zaidi tena, mpaka ifike ukubwa ambao mwanga unapita bila kutawanyika. Mwanga tunaouona una mawimbi ya chini ya mikroni moja, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Mikwaruzo ikishuka chini ya hapo, jicho lako linasema, "Hii ni laini." Iko na mikwaruzo bado. Ni vile huwezi kuiona.

Na ndio maana maji yalinidanganyia watu. Mtaro ukiwa na hewa ndani, mwanga ukifika hapo unapinda na kutawanyika kila upande. Ukiujaza maji, mwanga unapita karibu sawa, kwa sababu maji yanakaribia plastiki kuliko hewa kwa vile yanavyopinda mwanga. Maji yakikauka, mitaro inarudi kazini. Usiku hiyo mitaro inafanya mambo mawili mabaya kwa wakati mmoja: inapunguza mwanga unaofika barabarani, na ule uliobaki inaurusha juu, kwa macho ya dereva anayekuja.

Sasa angalia nyuma ya karatasi ya msasa. Utaona herufi P na namba. Mimi nilidhani ni kama namba ya modeli. Kumbe ni kipimo cha chembe. P80 ina chembe za mikroni 200 hivi. P400 ni mikroni 35. P800 ni kama 22. P2000 ni kama 10. Unywele wa mtu ni mikroni 70 hivi, kwa hivyo ile P2000 imepakwa chembe ambazo ungehitaji kupanga saba kupita upana wa unywele mmoja.

Fundi wetu alianza na P800 na maji. Akasugua kwa mwelekeo mmoja, kulala. Taa ikawa mbaya kabisa, nyeupe tii, Anko akaanza kuhema. Halafu fundi akaosha taa, akaosha mikono na kubadilisha maji ya ndoo. Akachukua P1500 na kusugua kusimama, akikata ile mistari ya kwanza. Nilimuuliza kwa nini anabadilisha mwelekeo. Akasema, "Ndio nione kama mistari ya kwanza imeisha. Nikienda upande mmoja, ile ya zamani itajificha ndani ya mpya." Akaosha tena kila kitu. Akaenda P2000. Akaosha. Halafu kompaundi na mashine ya kubafu.

Mimi macho yangu yalikuwa kwa ndoo. Nilimuuliza mbona anamwaga maji ambayo bado yanaonekana safi. Akanijibu bila kuniangalia, "Mchanga mmoja tu, kijana. Mchanga mmoja wa ile ya kwanza ukibaki hapa, nimerudi mwanzo."

Hapo ndipo nilielewa kila kitu kuhusu hizi chembe. Chembe milioni ndogo zinaweza kufanya kazi safi, halafu moja kubwa inaingia katikati yao na kuchimba mtaro ambao zote haziwezi kuufuta. Ubora wa msasa au kompaundi hauko kwa ile chembe ya wastani. Uko kwa ile kubwa kuliko zote iliyoponyoka.

Sasa fikiria sponji langu. Ule upande wa kijani mara nyingi huwa na chembe za alumini oksaidi zilizogandishwa kwa nyuzi. Alumini oksaidi ni ngumu sana. Imewekwa pale itoe ugali ulioshika sufuria, na hakuna mtu aliyeipima ikijua utaipeleka kwa taa ya gari. Nilikuwa naweka mitaro mikubwa kwa mkono mmoja na kujaribu kuifuta kwa dawa ya meno na mkono wa pili.

Na usidhani dawa ya meno ni kitu duni. Hapo ndipo nilishangaa zaidi. Dawa ya meno yenyewe ni chembe zilizotengenezwa kwa makini. Nyingi huwa na silika laini au kalisiamu kaboneti, na chembe zake huchaguliwa ziwe ngumu za kutosha kuondoa uchafu lakini zisile jino. Kuna hata kipimo cha kimataifa cha vile dawa ya meno inakwaruza, na haitakiwi kupita 250 kwenye hicho kipimo. Wataalamu walikaa chini wakatafuta chembe inayofaa jino. Mimi nikaichukua nikasema inafaa taa. Ni kama kuchukua daktari mzuri wa macho na kumwambia apasue goti.

Hii hesabu ya chembe haikuanza jana. Zamani watu walitumia kile ardhi iliwapa: mchanga, garnet, mawe ya emeri kutoka kisiwa cha Naxos huko Ugiriki. Shida ya ardhi ni kwamba haikupi kitu kile kile kila siku. Kuna stori moja huwa inanichekesha. Mwaka 1902, huko Two Harbors, Minnesota, wasee watano walianzisha kampuni ya kuchimba jiwe gumu linaloitwa korandamu, wauzie watu wa mawe ya kunolea. Wakachimba. Kumbe lile jiwe halikuwa korandamu, lilikuwa jiwe lingine lisilofaa kazi hiyo. Kampuni ilikuwa imejengwa juu ya jiwe ambalo si lenyewe. Hiyo kampuni ndiyo leo inaitwa 3M.

Haikuishia hapo. Wakaamua kununua garnet kutoka Uhispania watengeneze msasa. Mwaka 1914 mzigo mmoja ulimwagikiwa na mafuta ya zeituni melini. Chembe zikatoka na mafuta, gundi ikakosa kuzishika, msasa ukawa unapukutika mikononi mwa wateja. Ilibidi wajifunze kuchoma garnet ili mafuta yatoke, na miaka miwili baadaye wakaweka maabara ya kupima vitu kabla havijauzwa. Mwaka 1921 wakaanza kuuza msasa wa kutumia na maji, huo huo ambao fundi wa Grogan alikuwa ameshika. Maji hayo yalisaidia pia mapafu ya mafundi wa magari, kwa sababu vumbi la rangi lilipungua hewani.

Miaka kama kumi kabla ya wale wasee wa Minnesota kuchimba jiwe lao, kulikuwa na jamaa anaitwa Edward Acheson. Mwaka 1891 alichanganya udongo na makaa ya koki, akapitisha umeme mkali, na akapata fuwele ndogo ngumu sana. Akaziita Carborundum, akidhani ni mchanganyiko wa kaboni na korandamu. Alikosea kuhusu ilikuwa nini, ilikuwa silikoni kabaidi, lakini hakukosea kuhusu ugumu wake. Hapo watu wakaacha kuombea ardhi iwape chembe nzuri. Wakaanza kuzipika.

Ukishapika, lazima uchague. Zile kubwa zinapita kwenye vyungio, kama vile mathee anavyochunga unga. Zile ndogo kabisa haziwezi kuchungwa, zingeziba tundu, kwa hivyo zinawekwa kwa maji. Kubwa zinazama haraka, ndogo zinachelewa, na unazitenga kwa muda zinaochukua kuzama. Siku hizi kuna hata chembe za kauri zinazotengenezwa zote zikiwa pembetatu ndogo zinazofanana, ambazo zikichakaa zinavunjika na kutoa ncha mpya. Na kuna kompaundi za magari ambazo chembe zake zimeundwa zivunjike polepole unapobafu, zianze zikiwa kubwa na ziishe zikiwa ndogo. Chembe inajua kustaafu. Watu wangapi mnajua wanaweza hiyo?

Lakini kama unataka kujua hii kitu imefika wapi, toa simu yako mfukoni.

Ndani yake kuna chipu. Chipu hujengwa kwa tabaka, moja juu ya nyingine, kama ghorofa. Kila tabaka likimalizika linabaki na vilima na mabonde, na huwezi kujenga ghorofa inayofuata juu ya sakafu yenye matuta. Kwa hivyo wanaisugua. Watu wa IBM waliendeleza hiyo njia miaka ya 1980: wanamimina kitu kama uji mwepesi, wenye chembe za silika au seriamu oksaidi na kemikali, halafu wanasugua kwa pedi inayozunguka. Kemikali inalainisha uso kidogo, chembe zinaondoa kile kilicholainika. Chembe zenyewe mara nyingi ni ndogo kuliko nanomita 100. Unywele wako ni mpana zaidi ya mara mia saba ya hiyo.

Na shida yao ni ile ile ya ndoo ya Grogan. Chembe chache kubwa, au ndogo zilizogandamana zikawa bonge, zinakwaruza na kuua chipu. Kwa hivyo ule uji unachujwa, unapimwa, unachujwa tena. Kiwanda chenye mashine ghali ajabu na fundi mwenye ndoo ya plastiki wanaogopa kitu kimoja.

Hiyo seriamu oksaidi ndiyo pia imeng'arisha lenzi na vioo kwa miaka mingi. Kwa kioo haifanyi kazi kwa ugumu peke yake. Ikiwa na maji inashikana na uso wa kioo kikemia na kuung'oa kidogo kidogo. Seriamu ni moja ya yale madini tunayaita madini adimu, na Mrima Hill kule Kwale inajulikana kwa kuwa na madini ya familia hiyo. Kwa hivyo siku nyingine mtu akikuambia haya ni mambo ya Wazungu, mwambie mlima wetu mmoja una hadithi ndani yake.

Na kabla hujakimbilia kusugua skrini ya simu yako na dawa ya meno, wacha. Juu ya kile kioo kuna tabaka jembamba sana la kuzuia mafuta ya vidole. Ukisugua unaliondoa, na halirudi.

Hilo linanileta kwa kosa langu kubwa zaidi, kubwa kuliko sponji. Nilifundisha watu kwamba kikishang'aa kimepona.

Kuna kioo kimoja maarufu kuliko vyote, kile cha darubini ya Hubble. Kina upana wa mita 2.4, na kilisuguliwa kwa ustadi mkubwa kabisa. Kilikuwa laini kuliko karibu kioo chochote cha ukubwa huo kilichowahi kutengenezwa. Mwaka 1990 kikarushwa angani na picha zikarudi zikiwa na ukungu. Kumbe kifaa walichotumia kupimia kilikuwa kimepangwa vibaya, na ukingo wa kioo ulikuwa chini kwa mikroni 2.2 hivi. Hiyo ni ndogo kuliko robo ya chembe ya P2000. Kioo kilikuwa kinang'aa vizuri sana katika umbo lisilo sahihi. Ilibidi wanaanga waende huko juu Desemba 1993 na kuweka vifaa vya kurekebisha.

Taa ya Anko ilikuwa Hubble yangu ndogo. Taa za siku hizi ni plastiki ya polikaboneti, si kioo kama zamani. Hiyo plastiki ni laini na haipendi jua, kwa hivyo kiwandani huipaka tabaka gumu la kinga dhidi ya mikwaruzo na miale ya UV. Ule umanjano unaouona ni kinga na plastiki zikichoka. Hapa Nairobi tuko karibu na ikweta na tuko juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, kwa hivyo UV inatupiga vizuri. Ukisugua unaondoa uchafu pamoja na kinga yoyote iliyobaki. Ukiacha hapo, umeacha plastiki uchi juani. Itafifia tena, na safari hii haraka.

Kwa hivyo fundi alipomaliza kubafu, taa ziking'aa na mimi nikiwa tayari kutoa simu nipige picha, yeye ndio kwanza alikuwa anafungua mkebe. Akafuta taa vizuri, akafunika rangi ya gari kwa magazeti, akapiga klia yenye kinga ya UV, akatuambia tusiguse mpaka ikauke. Hiyo ndiyo sehemu video yangu haikuwa nayo kabisa, na ndiyo inayoshikilia kazi nzima.

Najua kuna mtu tayari anaandika, "Mbona kwangu dawa ya meno ilifanya kazi?" Inawezekana. Kama ulitumia kitambaa laini na taa ilikuwa na ukungu mwepesi tu juu juu, ilipunguza. Silika ni silika. Swali langu ni lile la Anko: imekaa muda gani?

Mwingine atasema mimi niliacha chuo, nitamfundisha nini kuhusu mikroni. Sawa. Hizo namba ziko wazi kwa mtu yeyote mwenye subira ya kusoma, na subira ndiyo sikuwa nayo siku ile.

Lakini kuna swali zito zaidi na sitalikwepa. Mtu kama Anko, siku nyingine anaingia nyumbani na soo tano baada ya mafuta na mkopo wa gari. Ngiri mbili na nusu si mchezo kwake. Si ndio maana video yangu ilipendwa? Ndiyo. Watu hawakunifuata kwa sababu ni wajinga. Walinifuata kwa sababu nilikuwa nawaambia kuna njia ya watu wasio na pesa. Hiyo ndiyo inaniuma zaidi: nilimuuzia asiye na kitu bei rahisi, na bei rahisi ikamgharimu mara mbili.

Kama huna pesa ya fundi, unaweza kufanya mwenyewe, na bado si kwa dawa ya meno. Nunua karatasi tatu za msasa wa maji zinazopanda kwa hatua, kompaundi kidogo, na klia ya UV. Ungana na jirani wawili wenye magari, mkebe mmoja unatosha wengi. Osha kila kitu kati ya hatua na hatua. Usiruke namba. Ngoja ikauke kabla ya kujisifu. Na kama huwezi kupata klia, usiguse taa na kitu kinachokwaruza. Ioshe kwa maji na sabuni, na uweke akiba polepole.

Kama unaenda kwa fundi, muulize maswali mawili kabla ya kutoa pesa. Unaanza na namba gani na unaishia gani? Na mwisho unapaka nini? Fundi anayejua atakujibu kabla hujamaliza swali. Wako wengine wanaobafu na kukurudishia gari iking'aa, bila klia. Hao ni mimi, tofauti ni kwamba wana mashine.

Tuache pia hii dharau ya kazi za kumalizia. Ukienda Tabaka, Kisii, utaona jiwe la sabuni likichongwa. Mara nyingi wanaume ndio huchonga, halafu wanawake wanakaa na beseni za maji na msasa, wanasugua hatua kwa hatua mpaka jiwe linakuwa laini kama ngozi ya mtoto. Tukinunua ile sanamu tunasifu aliyechonga. Kile mkono wetu unapenda kushika ni kazi ya aliyesugua. Huyo naye, ukimuuliza mtu, "alisugua tu".

Nimelipa fundi kwa taa za Anko. Hiyo haikuwa ukarimu, ilikuwa deni. Nimerekodi video mpya, ni ndefu na inachosha, nusu yake ni mtu anaosha ndoo. Sijamwaga maji mwishoni. Taa ya mwisho ni kavu, na nimeweka tarehe kwenye picha. Nitaipiga picha tena kila mwezi, kwa mwanga ule ule, na nitaweka hapa hata kama itaanza kufifia.

Na kama ulifuata ile video ya kwanza na taa zako zimekuwa nyeupe, usiendeshe usiku ukijidanganya unaona. Niandikie. Najua fundi mmoja Grogan, na sasa najua kwa nini anamwaga maji yanayoonekana safi.